Mke wa Lutu Kwenye Mkanda wa Kwaya

Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la duka, nilikuwa nachovya pamba kwenye spiriti na kufuta kichwa cha deki ya mikanda ya video. Ni kazi ya dakika tano. Unafungua mfuniko, unagusisha pamba kwenye lile duara la chuma, unalizungusha taratibu kwa kidole, pamba inatoka nyeusi, unachukua nyingine. Kwa ninavyojua hiyo ndiyo deki ya mwisho inayofanya kazi Mpanda mjini, na imebaki kwangu kwa sababu nilisomea mambo ya video chuoni kisha nikarudi nyumbani, wakati wenzangu walibaki Dar. Watu wananiletea mikanda ya harusi na ya vipaimara niwatilie kwenye flashi. Mingine imeota ukungu. Mingine haina kitu kabisa. Nimeshazoea kumwambia mtu mzima kwamba harusi yake haimo.

Asubuhi ile pamba ya tatu ilikuwa bado inatoka nyeusi mtu alipogonga dirisha kwa fimbo. Aligonga mara tatu, akanyamaza, akagonga mara moja, kama anayewaanzishia watu wimbo.

Nilijua ni nani kabla sijafungua. Mwalimu Nestori alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Katumba kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Hakuwahi kuja dukani kwangu. Hakuwahi kuja hata nyumbani kwetu, ingawa kutoka kwake mpaka kwa mama ni mwendo wa mtu kwenda kuomba moto na kurudi kabla haujazimika.

"Emelyne wa Apollinarie," alisema nilipochungulia. "Umekonda. Huli?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fungua mlango, mwanangu. Dirisha ni la wezi."

Nyuma yake alisimama kijana mwenye kofia na begi kubwa mgongoni. Alijitambulisha kwa jina la Deo, akasema ametoka Dar na anatengeneza video za wanamuziki. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala kwenye basi siku mbili, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Alipoiona deki akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekutana na bibi yake.

"Dada, hii inapiga kazi kweli?"

"Inajitahidi," nilisema.

Mwalimu alifungua mfuko na kutoa mkanda uliovingirishwa kwenye skafu ya kijani. Kwenye lebo kulikuwa na maandishi ya kalamu yaliyofifia: Kwaya ya Mlango Mwembamba, Asubuhi ya Lutu, 1997.

Niliufahamu mkanda ule kwa jina tu. Sikuwahi kuuona. Nyumbani kwetu hautajwi.

Ilivyokuwa ni hivi. Mtu mmoja alirekodi kipande cha mkanda huo kwa simu akielekeza kwenye luninga yake, akakirusha mtandaoni. Sekunde tisa tu. Kikapendwa, kikaenda mpaka kikamfikia Deo. Sasa Deo alitaka kurekodi video mpya ya wimbo uleule, mahali palepale, na waimbaji wa zamani waliobaki, kwa mbinu zilezile za wakati ule. Kwanza alihitaji kuona mkanda mzima.

Nikauweka. Deki ikaguna, picha ikayumba, ikatulia.

Sijui nilitegemea nini. Chuoni tulifundishwa kuzicheka video za miaka ile, na kweli kulikuwa na vya kucheka: ua la waridi linajaa kwenye kioo, na katikati ya ua kinachomoza kichwa cha mwimbaji. Lakini kichwa kile kilikuwa cha mama yangu, akiwa na miaka ishirini na mbili, anaimba ubeti wa pili. Nikajifanya narekebisha waya.

"Hili ziwa ni wapi?" Deo aliuliza. Kwenye picha waimbaji walikuwa wamesimama kando ya maji mapana yenye mawimbi. "Karema?"

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza. "Karema ungeenda na kibali. Wakati ule sisi tulikuwa wakimbizi kutoka Burundi, huwezi kutoka kwenye makazi bila karatasi, na karatasi ya watu ishirini na wawili ingechukua mwezi. Mpiga picha alitoka Tabora, alikuwa na siku tatu. Hilo ni bwawa letu la samaki. Alilala kifudifudi kwenye matope ili ng'ambo isionekane. Mawimbi ni Providence, yuko pembeni anapiga maji kwa ungo."

"Acha utani."

"Mwangalie, hapo ungo umeonekana kidogo."

Kweli ulionekana. Deo alijipiga paja.

Mwalimu akaendelea kueleza, sauti yake ikipata nguvu. Moto wa Sodoma ulikuwa mabua ya mahindi yaliyochomwa shambani kwake, na wekundu wake ulitoka kwenye karatasi ya peremende waliyoifunga mbele ya kamera. Malaika wawili walioruka kutoka ardhini mpaka juu ya kichuguu walikuwa wameruka kutoka juu kwenda chini, mkanda ukarudishwa kinyumenyume kule Tabora. Mwanga usoni mwa waimbaji ulitoka kwenye bati jipya la kuezekea kanisa, wanaume wawili walilishika, na watu waliimba huku machozi yanawatoka kwa mng'aro. Picha ile inayoteleza bila kutikisika ilipigwa juu ya baiskeli, mpiga picha akiwa amekaa kinyume kwenye keria na Mwalimu mwenyewe akiisukuma. "Tuliitoa upepo kwenye matairi nusu," alisema. "Tairi likijaa sana picha inarukaruka."

Nilimwangalia, mzee wa miaka sabini na mitatu, nikamwonea huruma bila kupenda. Alikuwa anazungumza kama mtu ambaye hajaulizwa swali zuri siku nyingi.

Halafu ikafika picha ya mwisho.

Kwaya nzima inaondoka kuelekea magharibi, migongo kwetu, majoho ya kijani yanapepea. Hakuna anayeangalia nyuma. Ndiyo maana ya wimbo: Lutu na nyumba yake wanatoka Sodoma, wameambiwa wasigeuke, na mkewe aliyegeuka akawa nguzo ya chumvi. Ghafla mmoja, wa tatu kutoka kushoto, anageuka. Anatuangalia moja kwa moja, midomo imefunguka kidogo. Kisha picha inafifia.

"Hapo!" Deo alisimama. "Rudisha, dada. Rudisha tena. Mnaona? Wote wanaenda, mmoja anageuka. Mke wa Lutu! Hamna maigizo, hamna chumvi, ni jicho tu. Mwaka tisini na saba! Hii watu wa leo na madroni yao hawaiwezi. Mwalimu, hii mbinu uliitoa wapi?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Mwalimu alikuwa anaangalia ncha ya fimbo yake.

"Mungu humpa mtu mawazo," alisema.

Mimi nilijua haikuwa mbinu. Kila mtu Katumba anajua. Mkanda uliporudi kutoka Tabora, kanisa lilikodi jenereta na luninga, watu wakajaa ukumbini, na mama alipogeuka kwenye picha ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mke wa Lutu! Mwalimu alitoka nje kabla mkanda haujaisha. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba Apollinarie amesimamishwa kwaya kwa utovu wa nidhamu. Hakusema mpaka lini, na hakuna aliyeuliza. Jina likabaki. Nikiwa darasa la pili mwenzangu aliniita mtoto wa chumvi, nikaenda kumuuliza mama maana yake, naye akaniambia ni kwa sababu anapika vizuri.

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Sikusema. Mimi ndivyo nilivyo, maneno yananitoka watu wakishaondoka.

Wakati wa kutoka, Deo akiwa ameshatangulia nje, Mwalimu alisimama mlangoni.

"Mwambie mama yako," alisema, "Jumamosi tunarekodi. Tutakuwa watu kama thelathini." Akahamisha fimbo mkono huu kwenda ule. "Kama ana nafasi, aje... aje atupikie."

"Nitamwambia."

Hakuondoka. Alikuwa kama mtu aliyesahau kofia. "Wali," akaongeza. "Apike wali." Kisha akaenda zake.

Jioni yake nilipanda gari la Katumba. Barabara ilikuwa vumbi tupu na dereva alisimama kila baada ya hatua kumi. Nilimkuta mama uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, ile ya puani, na aliponisikia akanyamaza. Hufanya hivyo siku zote.

Mama yangu anapikia watu. Harusi, misiba, kipaimara, kusimikwa kwa mchungaji, yeye yuko kwenye sufuria. Kwaya ikiwa ndani inaimba, yeye yuko nyuma ya kanisa kwenye moshi, na anajua kila wimbo unaishia wapi, kwa sababu ndipo anapopakua. Kitu anachokitaka nakijua tangu nikiwa mdogo, ingawa hajawahi kukisema. Kila Januari, waimbaji wapya wanaposomwa majina kanisani, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, anasikiliza orodha mpaka jina la mwisho, halafu anatoka kuangalia moto.

"Mwalimu Nestori alikuja dukani," nilisema.

"Mzima?"

"Mzima. Jumamosi wanarekodi upya ule wimbo. Anasema uende ukapike."

Aliokota kijiwe, akakitupa. "Watu wangapi?"

"Thelathini. Anataka wali."

"Na wa Dar wamo humo?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Wa Dar wanakula mchele mwingi na mboga kidogo, lazima mtu ujue."

Nikakaa chini karibu naye na kuanza kuchambua upande wangu. Nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa amechoka zaidi, miguu imevimba, ametoka shambani. Labda uchovu ndio ulionipa ujasiri.

"Nimeona mkanda," nilisema. "Siku ile uligeuka kwa nini?"

Mikono yake haikusimama. "Muziki ulikata."

"Ulikatikaje?"

"Betri. Redio kaseti ilikuwa nyuma yetu, kwa mpiga picha, sisi tunaenda tunafungua midomo kufuata wimbo. Mwalimu alishatuambia, hata nyumba ikiungua msigeuke. Sasa tukiwa katikati, wimbo ukaanza kuvuta. Ukawa mzito, kama mtu anayesinzia. Halafu kimya. Wenzangu wakaendelea kwenda tu. Mimi nikaona, muziki ukikata kazi si imesimama? Nikageuka niulize."

"Na mpiga picha?"

"Yeye hakuzima. Aliipenda, nadhani. Akaiacha."

"Mbona hukuwaambia? Ungesema ni betri."

"Ningesema ni betri," mama alikubali, kwa sauti ya mtu anayekubali kwamba kesho ni Ijumaa. Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Nimechoka, Emelyne. Mwambie nitakuja na sufuria langu kubwa. Lao limetoboka."

Jumamosi nilifika mapema kwa sababu Deo aliniomba nimsaidie. Kazi yangu ilikuwa kupiga wimbo kwenye spika kwa simu, na kuangalia kwenye skrini yake ndogo kama picha ya kamera iko sawa. Sauti ya wimbo niliitoa mimi mwenyewe kwenye mkanda, nikaisafisha siku mbili.

Njia ya nyuma ya kanisa, ile ya picha ya mwisho, ilikuwa bado ipo, lakini upande wa kulia pamejengwa mashine ya kusaga na mbali kidogo unaonekana mnara wa simu. Kichuguu cha malaika kimesawazishwa, ni bustani ya mchicha. Bwawa limekauka. Deo alizunguka na kamera akitafuta pembe ya kuvificha vyote hivyo, akalala chini, akapanda juu ya tofali, mwisho akasema, "Mzee wa Tabora alikuwa na kichwa. Njia ni hii hii moja. Ukisogea hatua mbili umeshaona mashine." Alikuwa ameleta droni, ikakaa kwenye sanduku lake siku nzima. Badala yake aliomba baiskeli, akaitoa upepo nusu.

Kati ya waimbaji ishirini na wawili wa zamani walikuja saba. Wengine wamekufa, wengine walirudi Burundi, mmoja anaumwa miguu. Nafasi zikajazwa na vijana wa kwaya ya sasa, waliovaa majoho yaliyowaishia kwenye magoti. Mwalimu Nestori aliwekewa kiti cha plastiki kivulini, ukutani mwa kanisa. Mama alikuwa nyuma, jikoni, na mimi nilisikia mwiko wake kwenye sufuria kila upepo ulipogeuka.

Saa nne Deo alikwenda jikoni kuomba chai. Nilikuwa nyuma yake na vikombe.

"Mama, shikamoo. Naomba..." Akamkazia macho. "Samahani mama. Hebu angalia kule kidogo. Sasa geuka kwangu."

Mama aligeuka na mwiko mkononi.

"Ni yeye!" Deo alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Dada Emelyne, si ndiye huyu? Wa tatu kutoka kushoto! Mbona mmemficha jikoni?"

"Ni mama yangu," nilisema, na sauti yangu ikatoka ndogo kama kawaida.

"Mama, utaniua. Bila wewe hamna video. Ile shoti ndiyo video yenyewe!"

"Nina wali motoni," mama alisema.

"Wali utaangaliwa."

Providence, yule wa mawimbi ya ungo, ndiye aliyemletea joho. Ni mama mnene, mchangamfu, na tangu 1997 ubeti wa pili anauimba yeye. "Haya jamani," alitangaza, "nani kaleta chumvi?"

"Imejileta yenyewe!" mwingine akajibu kutoka mstarini.

"Shoga angu, leo usigeuke mpaka uambiwe."

"Nyie chekeni," mama alisema akiingiza mikono kwenye joho, "bila chumvi miaka yote hii mngekula nini?"

Wakacheka na yeye akacheka. Lakini nilimwona alivyoushika mstari. Alisogea, akapima bega la mwenzake wa kushoto na wa kulia, akaweka miguu sawa, mikono ikakaa chini mahali pake bila kuambiwa. Miaka ishirini na nane, na mwili haukuwa umesahau. Kule kwenye kiti Mwalimu aliangalia pembeni.

Nikawasha wimbo. Sauti ya mama ya usichana ikatoka kwenye spika, nyembamba, safi, ikipanda ubeti wa pili bila shida. Wakaanza kwenda kuelekea magharibi. Deo alikuwa kwenye keria, kijana mmoja wa kwaya anasukuma.

"Sasa mama, geuka!"

Akageuka.

"Kata! Safi, lakini haraka sana. Tunaenda tena."

Wakarudi. Wakaenda. Akageuka.

"Kata. Mama, weka huzuni kidogo. Kama kuna kitu umekiacha kule."

Teki ya tatu mtu alipiga chafya. Ya nne jua liliingia kwenye wingu. Wazee walianza kukanyaga kwa uzito, mmoja aliomba maji. Kila mara sauti ile ya msichana ilianza upya, na kila mara nilimwona mama kwenye skrini, uso wake umenijaa mkononi, na midomo yake imefungwa. Wenzake wote walikuwa wanafungua midomo kufuata wimbo. Yeye hakufungua. Alikuwa anasikiliza.

Nilielewa. Walimtaka ageuke, na wakitaka wali walimtaka apike. Hakuna hata mmoja aliyemtaka aimbe. Nilitaka kusimama niseme hivyo, nikashika simu kwa nguvu mpaka skrini ikajifunga.

Teki ya tano alikwenda na wenzake mpaka mwisho wa njia, kwenye mihogo, na hakugeuka.

"Kata! Mama, umesahau."

"Amejifunza!" Providence alisema. "Miaka ishirini na nane, hatimaye amejifunza!"

Kicheko kikapita mstari mzima. Deo alishuka kwenye baiskeli, akajifuta jasho kwa kofia, akamfuata Mwalimu pale kivulini.

"Mwalimu, tusaidie. Siku ile ulimwelekezaje? Ulimwambia nini ili ageuke vile? Mwambie tena maneno yaleyale."

Mwalimu alichora mchangani kwa ncha ya fimbo. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha huku mstarini, kikaisha chenyewe watu walipomwangalia.

"Mwalimu?"

"Sikumwelekeza," alisema.

"Ilikuwaje sasa? Si ulisema ni wazo lako?"

"Sikusema langu. Nilisema Mungu humpa mtu." Akajikongoja akasimama, fimbo ikizama kwenye mchanga. "Nisikilizeni. Redio ilikata. Ilikata kwa sababu betri zilikuwa mbovu, na betri nilizitia mimi. Mpya zilizoletwa na mpiga picha nilizitumia kwenye redio yangu. Wiki ile vita imechachamaa nyumbani Burundi, mama yangu yuko kule, mimi nasikiliza taarifa ya Kirundi asubuhi na jioni, siizimi. Siku ya kurekodi nikachukua za zamani, nikaziweka kwenye redio ya kwaya. Apollinarie aligeuka kwa sababu muziki haukuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa anafanya kazi. Nyie wengine mlikuwa mnatembea tu."

Mashine ya kusaga ilikuwa inalia upande wa pili.

"Nilijua," mama alisema kutoka kule kwenye mihogo.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Nilikuona siku mbili kabla, umezianika betri juu ya bati la jiko ili zipate nguvu. Nilipita kuchota maji."

Mwalimu alipiga hatua moja kuelekea kwake. "Ulijua, na nilikusimamisha mbele ya kanisa zima. Mbona hukusema?"

"Jumapili ile ulikuwa na siku nne tangu upate habari ya msiba wa mama yako. Ungejibu nini?"

Nilimwangalia mama yangu kama simjui. Alikuwa amerudi polepole kwenye njia, joho limejaa vumbi mpaka kiunoni. Wengine walimpisha.

"Nilikuja mpaka dukani kwa huyu mtoto," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Nilikuwa na maneno. Nikafika mlangoni, nikasema uje upike."

"Aliniambia."

"Sikumaanisha kupika."

"Najua."

"Nisamehe, Apollinarie."

"Nilishakusamehe zamani, Mwalimu. Ningekuwa nimekukasirikia, msiba wa mke wako ningeupikia?" Alivuta pumzi, akaegemeza mikono kiunoni kama anavyofanya akitoka shambani. "Sio hicho."

"Ni nini basi? Sema. Wewe husemi, mimi sisemi, tutazeeka hivi hivi."

Deo alikuwa amesimama na kofia mkononi. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimegusa skrini, na wimbo ukaanza tena peke yake kwenye spika, ile sauti nyembamba ya ubeti wa pili. Mama alimsikiliza yule msichana maneno mawili, matatu.

"Emelyne," alisema, "mzime huyo. Mimi nipo hapa." Akamgeukia Mwalimu. "Sitaki kugeuka tena na wali nimeshapika. Nataka kuimba. Ubeti wa pili, mimi mwenyewe, na sauti hii hii iliyokwaruzwa na moshi. Nimetaka tangu Jumapili ile uliponisimamisha. Nataka kuimba."